Fataki Katika Maganda Mapya

Nilifika kwa fundi wa bunduki kwa sababu ya cherehani. Cherehani yangu ilikuwa imevunjika jino moja la gia, nami nilikuwa nimekwisha kupokea vitambaa vya sare za shule za watoto wa watu. Mafundi wawili wa hapo Kilifi waliitazama wakaniambia ninunue nyingine. Mama mmoja tuliyepanga naye nyumba ndiye aliyeniambia, "Mpelekee yule mzee wa bunduki. Siku hizi anatengeneza chochote."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, juu kidogo ya barabara iendayo feri. Mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Malindi, mtu wa mji wa kale, mwenye kofia ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono, na miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa. Nilimkuta ameinamia kufuli.

"Habari ya asubuhi, mzee," nilimwambia.

"Hiyo ni ya redioni," alinijibu bila kuinua kichwa. "Huku kwetu mtu humwamkia mtu. Sema sabalkheri, kisha shikamoo, kisha tuzungumze hiyo cherehani."

Nilisema sabalkheri, nikasema shikamoo, naye akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa upole hata nikasahau kwamba nimekemewa. Sisi tulikuwa watu wa bara, kutoka Machakos. Mume wangu alikuwa mkerezaji wa vyuma katika karakana ya shamba moja la mkonge, ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari unaovukwa kwa feri, na alikuwa akivuka kuja nyumbani Jumamosi tu. Nilikuwa bado najifunza jinsi ya kuishi na watu wa pwani.

Cherehani ilipona. Siku niliyokwenda kuichukua, Fundi alikuwa akihangaika kuokota springi ndogo iliyoangukia ndani ya kitasa cha bunduki. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo kwa baridi yabisi. Nilimwomba ruhusa, nikaichomoa kwa ncha ya sindano. Aliitazama ile springi, akanitazama mimi, akauliza kama asubuhi zangu zilikuwa na kazi. Nilimwambia nashona jioni zaidi, jua likipungua. Basi wiki iliyofuata alinipeleka kituo cha polisi kuniandikisha kuwa ninafanya kazi katika duka lenye leseni ya silaha, na kuanzia hapo nikawa nakwenda kwake kila asubuhi.

Zamani, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, duka lile lilikuwa na shughuli mwaka mzima. Wawindaji walileta bunduki zao kutoka kila pembe. Mimi nilipofika, mambo hayo yalikuwa yamekwisha. Zilizobaki ni bunduki za chama kidogo cha walenga shabaha, watu waliopiga karatasi katika bonde moja kavu njia ya kwenda Ganze, mbele ya ukuta wa udongo mwekundu. Risasi za dukani zilikuwa adimu, kwa hiyo chama kilikuwa na kibali cha kuzijaza upya, na kazi hiyo ilikuwa ya Fundi. Ganda la shaba lililokwisha kulia linaoshwa, linarudishiwa umbo lake, linatiwa fataki mpya kitakoni, baruti tumboni, na kichwa cha risasi mdomoni. Linalia tena, linarudi tena, hadi shingo yake ipasuke.

Mimi niliosha maganda kwa maji ya ndimu na sabuni, nikayaanika, nikayasugua yakang'aa. Baadaye alinifundisha kupima baruti kwa mizani ndogo kama ile ya sonara. Lakini fataki aliweka mwenyewe. Fataki ni kikombe kidogo cha madini, kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho hukaa ndani ya kitundu katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki ikikigonga, hutoa cheche na baruti inawaka.

"Baruti ikizidi au ikipungua, mizani itasema," aliniambia. "Fataki haina mizani. Inataka mkono."

Kabla ya kufungua boksi la fataki, alininusa mikono. Kweli alininusa. Akisikia mafuta ya nazi alinirudisha kwenye ndoo na sabuni, maana mafuta huua fataki, na mimi nilikuwa najipaka nywele kila asubuhi.

Mteja wake mkubwa, na rafiki yake, alikuwa mzungu mmoja mzee aliyezaliwa nchini, aliyewahi kuongoza wageni porini. Nitamwita mwindaji, ingawa tangu ile marufuku hakuwa ameua hata sungura. Aliishi Matsangoni, nyumba ya makuti kando ya barabara kuu, na mbwa zake. Kila Alhamisi alikuja Kilifi, akakaa kwenye kigoda cha Fundi, na wakanywa kahawa. Kiswahili chake kilikuwa cha wapishi na wabeba bunduki, hakina adabu wala ubaya. Walizungumza habari za magoti, za meno, na za bunduki ya mwindaji, ambayo Fundi alikuwa ameitunza miaka mingi hata akaifahamu kuliko mwenyewe. Mimi niliendelea kusugua shaba yangu nikiwasikiliza, na nakumbuka kwamba sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwaka mmoja chama kiliagiza maganda mapya. Ya zamani yalikuwa yamechakaa, na watu wa chama cha Mombasa walikuwa wamekubali kuja kushindana nasi. Maganda yalifika katika vikasha vya karatasi ngumu, na nilipofungua cha kwanza nilisogea nacho mlangoni kwenye mwanga. Sikuwa nimeona shaba ambayo haijaguswa na moto. Yalikuwa ya manjano kama mafuta ya ng'ombe, yote sawa, midomo imenyooka. Hata Fundi alichukua moja akaligeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Haya ni ya bibi harusi," alisema.

Akayatia fataki mwenyewe, kama kawaida, kwa mashine ndogo iliyofungwa kwenye meza, yenye mpini wa kukandamiza. Niliona alikuwa anatumia mikono miwili, mahali ambapo siku zote alitumia mmoja. Mara kwa mara alisimama na kukunja vidole, akapuliza ndani ya ngumi. Nilimuuliza kama anataka kupumzika. Alisema shaba mpya hubana kidogo, itazoea. Nami nikapima baruti, tukafunga risasi, tukazipanga kwenye vikasha, na sikufikiria zaidi.

Siku ya mashindano tulikwenda bondeni kwa pikapu ya chama. Nilikaa na Fundi chini ya turubai, nyuma ya mstari wa wapigaji. Kulikuwa na njia ya miguu iliyokata bonde mbele kidogo ya mstari, ambayo akina mama wa Kigiriama walipitia wakienda kuchota maji, na kila walipotokea bendera nyekundu ilipandishwa na wote wakaweka bunduki chini hadi madumu yapite. Watu wa Mombasa hawakupenda kusubiri. Wa kwetu walikuwa wamezoea.

Zamu ya mwindaji ilifika. Alilala juu ya mkeka, akatulia, na risasi mbili za kwanza zikaenda mahali pake. Ya tatu haikulia. Tulisikia tik, kama mtu aliyegonga kucha juu ya sahani. Alibaki vilevile, mtutu ukielekea ukuta wa udongo, akasubiri kama kanuni inavyotaka, kisha akaitega pini tena bila kuitoa risasi. Safari hii ililia. Iliyofuata ililia. Nyingine ikasema tik. Akasubiri tena. Kabla hajamaliza, muda wake ukawa umekwisha, na karatasi yake ikarudi na matundu pungufu. Wengine wawili wa chama chetu walipatwa na yaleyale.

Mwindaji aliinuka, akapangusa vumbi magotini, akaja hadi kwenye turubai. Wageni walikuwa wanamfuata kwa macho.

"Fundi," alisema, "nani aliweka fataki hizi?"

"Mimi."

"Basi mikono yako imechoka. Ungeniambia mapema, ningetafuta mtu mwingine."

Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. Fundi alikuwa ameshika kikombe cha maji. Alikiweka chini.

"Nimekusikia, bwana," alisema.

Tulirudi Kilifi kwa pikapu ileile. Aliposhuka kwenye pikapu alinishukuru kwa kazi ya siku, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Alhamisi ilifika, na mwindaji hakuja. Fundi alipika kahawa saa ileile, akainywa peke yake. Alhamisi iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Nilijaribu kumwambia kwamba mtu akiwa na hasira husema asiyoyakusudia.

"Amesema mbele za watu," alinijibu. "Hilo ni moja. La pili ni kwamba huenda ni kweli." Akanyoosha mikono yake juu ya meza, tukaitazama wote wawili. "Hili gumba, mwanangu, halisikii tena. Nikigusa kitambaa sijui kama ni hariri au gunia."

Nikachukua risasi zilizobaki za siku ile ya bondeni, tulizokuwa tumeambiwa tuzifungue na kutoa baruti yake, nikaanza kuzifuta vumbi na kuzisimamisha juu ya kioo cha kabati, kitako chini. Zilisimama vizuri. Kisha moja ikayumba. Niliigusa kwa kidole, ikatikisika huku na huku kama kigoda chenye mguu mmoja mrefu.

"Fundi, hii inayumba."

"Hicho kioo hakiko sawa."

Niliihamisha, ikayumba huko pia. Niliyoisimamisha mahali pake pa kwanza ilitulia. Nikaigeuza ile yenye kuyumba, nikapitisha ncha ya kidole kitakoni. Fataki ilikuwa imejitokeza nje, kidogo sana, unene wa karatasi labda. Nilimpa. Alipitisha gumba, akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu. Nilidhani atairudisha. Badala yake alifungua mtoto wa meza, akatoa rula ya chuma, akaweka ukingo wake juu ya kitako cha ile risasi, akainua vyote viwili kuelekea dirishani.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama upya.

"Mwanga unapita," alisema. "Pande zote za fataki, mwanga unapita. Njoo uone."

Nilitazama. Rula ilikuwa imekalia fataki, haikugusa shaba. Kulikuwa na mistari miwili miembamba ya nuru.

Alianza kunieleza haraka, kama mtu aliyerudishiwa sauti. Fataki inatakiwa ikae chini kabisa ya kitundu, sawa na kitako au chini yake kidogo, imekanyaga sakafu. Ikining'inia katikati, pini ikiipiga haitoi cheche, inasukumwa ndani tu, kama msumari. Nguvu yote inaishia kwenye kusukuma. Mara ya pili sasa imekaa, inapigwa, inalia.

"Ndiyo maana zililia mara ya pili," nilisema.

"Ndiyo maana." Alipiga meza kwa kiganja. "Baruti haina kosa, fataki haina kosa. Ni vitundu. Vimebana mno."

Akachukua ganda jipya tupu, lisilo na baruti, akaweka fataki kwenye mashine, akasimama, akaegemeza kifua chake chote juu ya mpini ili aishindilie hadi chini. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza. Chumba kilipasuka. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Masikio yakaziba, moshi ukajaa, kofia ya Fundi ikaanguka sakafuni. Mama muuza viazi wa jirani alikuja mlangoni na mwiko mkononi, akauliza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekisikia.

Fundi alikuwa mzima. Alijihesabu vidole, akagusa miwani yake, akaokota kofia. Kisha akaanza kucheka, kimyakimya kwanza, mabega yakitikisika, mpaka na mimi nikacheka.

"Haya," alisema masikio yalipofunguka. "Tumejibiwa. Kwa nguvu haziingii."

Jumamosi nilimweleza mume wangu. Kwanza alisema nisirudi kwenye duka lile. Alisema hakai ng'ambo ya hori wiki nzima akinuka mkonge ili mkewe apasukiwe na fataki. Nilimwachia aseme. Tulikula, na baadaye nikamsikia ananiuliza, "Hicho kitundu, ndani yake kikoje? Kona zake za chini ni kali au za mviringo?" Hapo nikajua tumeshinda.

Jumapili baada ya kanisa alikuja nami dukani, amevaa suti yake. Fundi alimkaribisha, wakaulizana hali za nyumbani kwa urefu, kisha wakainama juu ya ganda moja na kioo cha kukuzia. Mume wangu aliona kwamba kona za chini za kitundu zilikuwa zimejaa, sakafu haikuwa bapa, imeviringika kwenye kona kama sufuria. Fundi alimwonyesha jambo lingine, kwamba ukingo wa juu ulikuwa mkali na una kijino cha shaba kilichokunjwa ndani, na ndicho kilichokuwa kinaikwangua fataki na kuikwamisha mlangoni.

"Hapa juu pavunjwe makali tu, kidogo," Fundi alisema. "Na huko chini pasawazishwe. Ila mtu akikata zaidi, ganda limeharibika, na kesho moshi utamrudia mpigaji usoni."

"Nitaweka bega," mume wangu alisema. "Chombo kikifika kina chake, bega linagusa kitako, hakiendi mbele hata ukikilazimisha."

Waliendelea hivyo mpaka suti ya mume wangu ikapata mafuta ya bunduki. Sikuwa nimewahi kumwona akizungumza sana namna ile na mtu wa pwani. Jumamosi iliyofuata alirudi na kidude alichokikereza kutokana na keekee iliyovunjika, chuma kigumu, urefu wa kidole, kimechongwa ncha bapa yenye makali mawili, na bega kama alivyosema. Alikuwa amekitia mpini wa mwarobaini alioulainisha kwa msasa. Fundi alikijaribu kwenye ganda moja, akalipima, akapuliza vumbi la shaba, akalipima tena.

"Mwambie mumeo," aliniambia, ingawa mume wangu alikuwa amesimama hapohapo, "mikono yake ibarikiwe."

Sasa ikaja kazi yenyewe. Kila ganda nililishika mkono wa kushoto, nikaingiza kile kidude na kukizungusha taratibu. Mwanzo kilikwaruza, kisha kikawa kinateleza, na hapo ndipo nilipoacha. Vumbi la manjano lilianguka juu ya gazeti. Nikapitisha ncha ya kisu kidogo kwenye ukingo, mzunguko mmoja mwepesi, nikasafisha kwa mswaki. Nilipomaliza rundo la kwanza nililisukuma kuelekea kwa Fundi, upande wa mashine.

Hakulishika. Alivua miwani yake akanipa.

"Vaa, cheche isikuingie machoni. Unawe mikono, kisha ukae kitako hapa."

Aliifungua ile mashine, akaiweka kando, akatoa kifaa cha mkono ambacho sikuwa nimekiona, kina mpini kama wa koleo, cha kushikwa kiganjani. Alisema alikitumia ujanani, kabla ya kuletewa mashine ya meza. Akaweka fataki moja, moja tu, mdomo juu, na ganda juu yake.

"Usisukume," alisema. "Egemea. Kama unavyoegemea mlango wa chumba ambamo mtoto amelala."

Niliegemea. Nilisikia fataki ikigusa ukingo, ikasita, nikataka kuongeza nguvu.

"Ngoja."

Nikangoja, mkono palepale. Ikaingia. Niliisikia ikishuka kwa mwendo mmoja, imebana lakini inaenda, kisha ikafika. Hakuna neno jingine. Ilifika, ikawa haiendi tena, na mkono wangu ulijua hivyo kabla yangu. Niligeuza ganda, nikapitisha kidole. Palikuwa na kibonde kidogo pale fataki ilipokuwa. Tuliweka rula, tukatazama dirishani. Fundi alipoona mwanga unapita katikati tu, juu ya fataki, na shaba imegusa chuma kote kuizunguka, alishusha pumzi.

Tulifanya hivyo asubuhi nyingi. Yeye alikaa kando yangu amefumba macho. Alikuwa anasikiliza. Wakati mwingine alisema "Hiyo rudia" kabla sijapitisha kidole, na kweli ilikuwa imekaa upande. Zile zilizokaa vibaya tulizitenga, hatukuzilazimisha. Mama muuza viazi aliacha kuja na mwiko. Nje watu walipita wakienda feri, jua likahama kutoka kizingitini hadi kwenye miguu ya meza, nami niliweka fataki moja baada ya nyingine, na nilikuwa na raha ambayo sikuwa na sababu ya kuieleza kwa mtu.

Baada ya hapo Fundi alisema twende Matsangoni. Hakusema kufanya nini. Tulichukua maganda machache yenye fataki, bila baruti wala vichwa, akaweka leseni yake mfukoni, tukapanda basi la Malindi asubuhi.

Mwindaji alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza banda la kuku. Mbwa walitupokea kwa kelele. Alipotuona aliweka nyundo chini, akasimama.

"Bwana," Fundi alisema, "lete bunduki yako."

Aliingia ndani akaileta. Fundi alimpa ganda la kwanza. Mwindaji alilitazama, akapitisha kidole kitakoni, akainua macho. Akalitia, akaelekeza mtutu kwenye lundo la mchanga, akafyatua. Fataki ililia kwa sauti kali, kavu. Akatia la pili, likalia. La tatu pia. Kufikia hapo mbwa wote walikuwa wameingia uvunguni mwa banda. Alifyatua yote, na yote yalilia kwa pigo la kwanza.

"Ilikuwa mikono?" mwindaji aliuliza.

"Ilikuwa vitundu, vimebana. Na mikono pia, kidogo. Haya kaweka mwanangu huyu, kwa chombo cha mumewe."

Mwindaji alinigeukia akanipa mkono, kisha akabaki ameishika bunduki yake kama hajui pa kuiweka.

"Nilikosea kusema vile, Fundi."

"Ulikosea kusema mbele za watu. Dukani kwangu ungesema lolote."

"Nitakuja Alhamisi?"

"Alhamisi ni mbali. Leo huna hata maji ya kunywa?"

Alikuwa na chai, na mapapai ya mti wake. Tulikaa barazani hadi alasiri. Wale wazee wawili walizungumza habari za magoti, na wakakubaliana kwamba ya mwindaji ndiyo mabaya zaidi, na Fundi akaridhika sana.

Watu wa Mombasa walikuja tena baada ya mvua. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akaja kutazama, akakaa kwenye turubai karibu na Fundi. Hakuna risasi ya kwetu iliyosema tik siku ile. Mwindaji hakushinda. Kijana mmoja wa Mombasa alikuwa na macho mazuri kuliko sisi sote, na mwindaji akawa wa pili, akampongeza yule kijana kwa lugha yake ya wapishi na kumwalika kula papai.

Wageni walipokuwa wanafunga vitu vyao, aliniita kwenye mkeka. Alisema si haki mtu aweke fataki miezi yote asijue zinalia vipi akiwa nyuma ya bunduki. Nilimtazama Fundi, naye akaangalia upande mwingine kama mtu ambaye hajasikia, nikajua walikuwa wamepanga. Nilifunga leso vizuri, nikalala. Mwindaji alinionyesha pa kuweka bega. Nilivuta kifyatulio, bunduki ikanipiga kama mlango uliofunguliwa na upepo, na kule mbele pembe ya karatasi ikachanika.

Bendera ilipanda. Akina mama wa maji walikuwa wanapita, na mmoja, mtu mzima, alisimama na dumu lake kichwani akatutazama.

"Mama, umeua nini?" aliniuliza.

"Karatasi," nilimjibu.

"Basi leo mtakula karatasi," alisema, akaendelea na njia yake, na wenzake wakacheka hadi walipopotea nyuma ya mahindi.

Tangu hapo fataki zikawa zangu. Fundi alibaki na vifyatulio, vitasa, na mazungumzo, na aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa amengoja miaka mingi apate mtu wa kumwachia kazi ile, ila hakujua namna ya kuisema. Tulikaa Kilifi miaka mingine kadhaa, hadi mume wangu alipopata kazi karibu na kwao na tukarudi bara na watoto tuliowapata hukohuko pwani. Muda wote huo ilikataa risasi moja tu katika bonde lile, na ilipokaguliwa ikaonekana ilikuwa ya kununuliwa, imetoka kiwandani na boksi lake. Hata baada ya kupigwa, fataki yake ilikuwa bado imejitokeza nje, na Fundi akaiomba. Aliisimamisha juu ya kabati, na kila mteja aliyeingia wiki ile, hata aliyeleta stovu ya mafuta ya taa, aliambiwa aiguse aone inavyoyumba.